Shajara ya Kanzu Ishirini na Nne: Kuondoa na Kuzuia Madoa ya Kwapa

28 Juni

Leo tumefungua sanduku la mavazi la kikundi chetu cha Maulidi ya Homu hapa Unguja, na kazi niliyodhani ingekwisha asubuhi moja imegeuka kuwa mradi. Tunazo kanzu 24, kumi na tano za pamba na tisa za tetroni (kitambaa cha nyuzi za kiwandani), zote nyeupe, na zote ziliwekwa sandukuni mwishoni mwa msimu uliopita kwa kauli kwamba zimefuliwa na ni safi. Nilizitandaza moja moja juu ya mkeka uani, kwenye mwanga wa jua, nikazigeuza ndani nje, nikakuta kwamba ni sita tu zisizo na doa kwapani. Kumi na moja zina manjano hafifu ambayo mtu akiwa mbali hayaoni, na saba zilizobaki zina doa zito lenye ukingo wa rangi ya kahawia, tena kitambaa cha mahali hapo kimekuwa kigumu kama kilichopakwa nta.

Aliyewahi kuitazama homu hatashangaa. Waimbaji hukaa safu moja bega kwa bega, hupiga magoti, huinama na kuinuka pamoja huku mikono ikipanda na kushuka, wakianza kwa mwendo wa pole na kumalizia kwa kasi, na tari zikishapamba moto hakuna kwapa linalobaki kavu. Linaloshangaza ni kwamba kanzu hizi hazikuonekana hivi zilipofungiwa. Manjano mengi yamezaliwa humo humo sandukuni, kwa sababu mafuta ya mwili yaliyobaki kwenye nyuzi huendelea kubadilika rangi taratibu kwa hewa na joto, hata kama hakuna anayeivaa nguo.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unatarajiwa kuandama mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo tuna wiki nane. Nimeishonea kila kanzu nambari kwa uzi mweusi upande wa ndani wa shingo, ili nisije nikachanganya iliyotibiwa hivi na iliyotibiwa vile.

29 Juni

Kabla ya kugusa maji nilitaka kujua doa ni kitu gani. Jasho lenyewe halina rangi, na karibu lote ni maji. Hata hivyo mwili wa binadamu una tezi za jasho za aina mbili, na zile za kwapani, tofauti na zilizoenea kwenye ngozi yote, hutoa majimaji yenye mafuta na protini ambayo vijidudu vya ngozi huyashambulia na kuzalisha harufu. Mafuta na protini hizo peke yake huweza kuacha manjano mepesi, lakini haziwezi kueleza ule ugumu wa nta.

Nimewauliza wenzangu, mmoja mmoja na kwa faragha, wanapaka nini kwapani. Wenye kanzu zilizokakamaa karibu wote hutumia dawa ya kuzuia jasho, ile ya kuviringisha au ya kupuliza, na baadhi yao huipaka mara tatu usiku mmoja wa maulidi. Hapa inafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo madukani hukaa rafu moja. Kiondoa harufu hupambana na vijidudu na kuleta manukato, wala hakizuii jasho. Kizuia jasho kina chumvi za alumini, ambazo huziba kwa muda midomo ya tezi. Vizuia jasho vya mwanzo, vilivyotoka Marekani mapema katika karne ya 20, vilikuwa na kloridi ya alumini yenye asidi kali iliyoweza hata kuila nguo. Vya siku hizi ni vipole zaidi, lakini alumini imo, nayo ikikutana na mafuta na protini za jasho huunda utando usioyeyuka kwa maji.

Ukiongeza mche wa sabuni juu ya utando huo, mambo huzidi kuharibika. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, na asidi za mafuta zikishikana na alumini hutoa kitu kinachofanana na nta, ambacho maji hayakiwezi kabisa. Kwa hiyo kadiri tulivyofikicha kwa mche, ndivyo tulivyoongeza ukoko.

Mzee wetu mmoja alijitetea kwamba yeye hatumii dawa za dukani, bali hujipaka shabu kama walivyofanya wazee wake. Ilinibidi nimweleze kwa adabu kwamba shabu nayo ni chumvi ya alumini. Watia rangi wa nguo wameitumia tangu zamani ili rangi ishike kwenye uzi isitoke, na tabia hiyo hiyo ya kushika ndiyo inayotusumbua sisi kwapani. Mzee alicheka, akasema basi yeye amekuwa akiitia kanzu rangi bila kulipwa.

5 Julai

Jaribio la kwanza. Nimechagua kanzu nne za pamba kati ya zile saba mbaya, kila moja na dawa yake.

Nambari 3 niliifua kwa mche wa sabuni na brashi, kama tulivyozoea. Doa halikusogea, na brashi ilianza kukitoa kitambaa manyoya.

Nambari 8 niliiroweka kwenye dawa ya kung'arishia yenye klorini, ile ambayo mitaani huitwa jiki hata iwe imetengenezwa na nani. Kanzu yote iling'aa isipokuwa makwapa, ambayo yaligeuka manjano kuliko yalivyokuwa. Nilikwisha kuonywa kwamba klorini ikikutana na protini za jasho huongeza manjano badala ya kuyaondoa, lakini nilitaka kuliona kwa macho yangu, na nimelipia udadisi huo kwa kanzu ya kikundi.

Nambari 14 niliifanyia kama bibi yangu alivyokuwa akifanya: maji ya ndimu na chumvi kidogo, kisha juani kwa saa mbili huku nikiirudishia unyevu kila ilipotaka kukauka. Ukoko ulilainika waziwazi, na manjano yakapungua kama nusu.

Nambari 21 niliipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa inayotumika kusafishia vidonda, nikaichanganya na sabuni ya maji na bikaboneti kidogo. Rangi ilififia vizuri, lakini ugumu ulibaki vilevile, na nilipopitisha kidole nilihisi bado nta ipo.

Kumbe tunashughulika na vitu viwili vilivyolala mahali pamoja. Ukoko wa alumini husikia asidi, na rangi husikia oksijeni. Bibi aliupata ufunguo wa kwanza bila kusoma kemia, na huenda jua lake lilikuwa nusu ya ufunguo wa pili.

6 Julai

Kijana anayenisaidia ameipiga pasi Nambari 3 kabla sijaikagua, kwa nia njema. Joto la pasi hupika protini na kuzigandisha ndani ya nyuzi, mfano wa ute wa yai kikaangoni. Kuanzia leo hakuna nguo itakayoguswa na pasi mpaka makwapa yake yakaguliwe mchana, juani, yakiwa yamekauka, kwa sababu doa lililolowa hujificha.

12 Julai

Leo nimejaribu kupanga dawa kwa utaratibu badala ya kuchagua moja, na nimezihusisha kanzu zote tano mbaya za pamba: zile nne za jaribio pamoja na Nambari 17.

Kwanza ni asidi. Nilichanganya glasi moja ya siki nyeupe na glasi mbili za maji, nikaloweka makwapa peke yake kwenye bakuli kwa dakika arobaini, nikiyafikicha taratibu kwa vidole. Ndimu ingefaa pia, lakini kwa kanzu nyingi siki ni rahisi kupima na haina nyuzinyuzi za kuchuja. Anayetumia ndimu avae glavu au anawe vizuri kabla ya kutoka juani, kwani maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza.

Kisha nikasuuza mara tatu. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo niliyokosea mara ya kwanza, kwa sababu siki iliyobaki huivunja sabuni na kuirudisha kuwa mafuta, na nguo ikatoka na utelezi mweupe. Maji ya kisima chetu nayo ni magumu kwa vile yanapita kwenye mawe ya chokaa, kwa hiyo sabuni tayari hufanya kazi kwa taabu. Kwa hatua ya sabuni nimeamua kutumia maji ya mvua tuliyokinga wakati wa masika.

Hatua ya tatu ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambayo hujitambulisha kwenye maandishi ya pakiti. Vimeng'enya vinavyokata protini hupenda maji ya uvuguvugu, lakini maji ya moto mno huviua. Kanzu zililala humo saa moja.

Mwisho ni oksijeni. Nimetumia pakaboneti ya sodiamu, unga mweupe unaouzwa kama dawa ya madoa isiyo na klorini, ambao ukiingia majini huachia haidrojeni peroksaidi. Unga huu katika maji baridi husinzia, na hufanya kazi vizuri kuanzia nyuzi joto 40 hivi na kuendelea. Kwa kuwa hatuna kipimajoto nilipiga hesabu: maji ya bombani kwetu msimu huu ni kama nyuzi 28, hivyo ndoo moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na mbili za bombani hutoa takriban nyuzi 52, na yakipoa kidogo wakati wa kumimina bado yanabaki mahali panapofaa. Niliweka vijiko vitatu vikubwa kwa kila lita kumi, nikaacha usiku kucha.

13 Julai

Nambari 14, 17 na 21 zimetoka safi. Nilizianika ndani nje, kipupwe kikinisaidia kwa jua kavu na upepo wa kusi, nikazikagua mara mbili. Ule ugumu haupo tena. Nambari 3, iliyopigwa pasi, imebaki na kivuli ambacho mtu asiyejua hatakiona. Nambari 8 imekuwa nyeupe zaidi lakini makwapa bado yana rangi ya samli, na naona kama kitambaa cha hapo kimedhoofika.

Naandika hili kwa wino mwekundu: kijana wangu alitaka kumwaga mabaki ya klorini kwenye ndoo ya siki ili, kama alivyosema, nguvu ziungane. Klorini na siki zikichanganyika hutoa gesi ya sumu inayoweza kumdhuru mtu mapafu papo hapo, na klorini pamoja na amonia ni hatari vilevile. Siki na peroksaidi nazo hazipaswi kukaa chombo kimoja, kwa maana zikiungana huzaa asidi nyingine inayochoma macho na koo. Nimeitoa klorini nyumbani kabisa. Katika mradi huu haina kazi.

19 Julai

Kanzu saba za pamba zenye manjano hafifu zimesafika kwa mzunguko mmoja, wala sina la kuongeza kuhusu hizo.

Tetroni ni habari nyingine. Kwenye zile sita zenye madoa rangi ilitoka kwa urahisi kuliko kwenye pamba, hata nikaanza kujisifu, mpaka nilipozipiga pasi na harufu ya kikwapa ikapanda kama vile mtu ameingia chumbani. Nyuzi za kiwandani za aina hii hazipendi maji bali hupenda mafuta, kwa hiyo jasho huteleza juu yake huku mafuta yakijificha ndani, na harufu hukaa na mafuta. Nilizirudia kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta, nikiipaka moja kwa moja kwapani na kuiacha nusu saa kabla ya kuloweka upya. Nne zimenyamaza. Mbili bado zinanong'ona zikipata joto.

Jambo moja la pembeni ambalo limenipa somo. Kanzu mbili kati ya hizo ziliwahi kutiwa bluu, kama tunavyofanya kwa nguo nyeupe tangu enzi, na nilipozitia kwenye siki zilitoa harufu hafifu ya yai viza. Bluu ya asili ya kufulia ina salfa ndani yake, na asidi huivunja. Hakuna aliyedhurika, lakini ni dhahiri kwamba bluu haiondoi manjano bali huyadanganya macho, na kwa kuyadanganya imetuchelewesha kuyaona. Bluu itakuja mwisho kabisa, baada ya doa kwisha, au isije.

26 Julai

Nambari 8 imepasuka. Nilikuwa naikamua kwa upole, na kwapa la kulia likaachia kama karatasi iliyolowa. Klorini ilikuwa imekwisha kuzila nyuzi.

Nimeipeleka kwa fundi aliyezishona kanzu zetu za pamba, mtu mzima ambaye bado anakata kanzu kwa mtindo wa zamani. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi," naye akaitikia huku macho yakiwa tayari kwenye kanzu. Aliigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu, kisha akaniuliza swali ambalo lingefaa niulizwe siku ya kwanza:

"Mwanangu, wewe unafua nini muda wote huu? Kwani hiki kinaitwaje?"

Nikamjibu kwamba ni kikwapa.

"Basi. Badani, huu mwili wa kanzu, hukatwa ikae miaka. Kikwapa ni cha kutoa na kutia. Ukikiona kimechoka unakifumua, unatia kingine."

Lugha yetu ilikuwa imelijua jambo hili kabla yangu. Neno kikwapa ni la jasho na harufu ya kwapani, na ni hilo hilo jina la kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonwa chini ya kwapa la kanzu, pale badani, mkono na taharizi (kipande cha ubavuni) vinapokutana, ili mkono upate nafasi ya kuinuka. Kanzu zetu tisa za tetroni zilizonunuliwa tayari hazina kipande hicho, kwani mkono wake umeungwa kama wa shati, kwa hiyo doa likiingia limeingia kwenye nguo yenyewe.

Fundi alifumua vikwapa vya Nambari 8 na Nambari 3 mbele yangu na kutia vipya. Alikataa kitambaa kipya nilichomletea mpaka nikifue kwanza kwa maji ya moto kinywee, kwa sababu kikwapa kikinywea baada ya kushonwa huvuta mkono na kuikunja kanzu begani. Kanzu mbili zilizonitesa wiki tatu zilikamilika kabla ya adhuhuri.

Sijutii kemia. Vikwapa vya kanzu nyingine kumi vimeokolewa bila mkasi. Lakini nimeanza kuamini kwamba kinga yetu iko kwa fundi zaidi kuliko kwenye beseni.

9 Agosti

Kwa hiyo tumegeukia kinga. Dada zangu na shangazi yangu wamekata vipande vya marekani, kile kitambaa cha pamba, vyenye umbo la yai, tabaka mbili kila kimoja, baada ya kukifua kitambaa mara tatu kiwe laini na chenye kunywa maji. Kila kanzu ina jozi mbili, moja ikivaliwa nyingine ikianikwa, jumla vipande 96. Hushikizwa kwa kupigwa bandi kwa mishono minne mirefu inayofumuliwa kwa mkono mara baada ya kuvuliwa. Kuna aliyependekeza tuweke nailoni katikati ili jasho lisipenye. Tulijaribu kipande kimoja, na aliyekivaa alisema kwapa lilichemka. Katika hewa yetu, kitu kisichopumua huongeza jasho kuliko kinavyolizuia.

Nimezungumza na wanakikundi baada ya mazoezi, na tumekubaliana mambo ambayo nayaandika kama yalivyosemwa. Anayetumia kizuia jasho akipake usiku kabla ya kulala, kwenye ngozi kavu iliyooshwa, kwa sababu wakati huo tezi zimetulia na chumvi hupata nafasi ya kuziba, kisha asubuhi aoge. Kukipaka mlangoni wakati wa kutoka ni kuipaka kanzu. Anayeweza kutosheka na kiondoa harufu kisicho na alumini afanye hivyo. Sunna ya kuondoa nywele za kwapa isipite siku arobaini, kwani nywele hushika jasho na harufu. Fulana ya ndani iwe ya pamba na iwe na mikono, maana singlendi inalinda kifua na kuliacha kwapa wazi. Attari ipakwe shingoni au kiganjani, isipakwe kwapani, kwa kuwa ni mafuta na doa lake hugandana na yale yaliyopo. Na udi ufukizwe kwenye kanzu iliyofuliwa tu, kwa sababu moshi juu ya jasho huongeza rangi na hauondoi harufu.

Mzee wa shabu ameomba ruhusa ya kuendelea na shabu yake. Tumempa vipande vitatu vya akiba.

23 Agosti

Kanzu zote 24 zimepigwa pasi. Mbili za tetroni zenye kunong'ona nimezitenga ziwe za vijana wa kupanga viti, ambao hawatoki jasho jingi.

7 Septemba

Tumesoma usiku mara nne tangu mwezi uandame. Kanuni niliyoisimamia kuliko zote ni kwamba hakuna kanzu inayolala na jasho: hata ikiwa ni saa nane za usiku, vipande hufumuliwa, na makwapa hupitishwa kwenye maji baridi na kutundikwa penye upepo, hata kama ufuaji kamili utangoja siku ya pili. Hapo ndipo, nadhani, mwaka jana tulipopoteza zaidi.

Vipande vya waimbaji watatu vimeanza kuonyesha manjano, na kanzu zilizokuwa juu yake bado ni nyeupe. Kimoja kilinukia attari, na mwenyewe amekiri. Usiku wa tatu kipande kimoja kilifumuka katikati ya homu, kikadondoka juu ya jamvi mbele ya mgeni wa heshima. Mzee aliyekaa karibu alikifunika kwa kiganja na kukitia mfukoni bila kukatisha beti. Kuanzia kesho bandi itakuwa ya mishono sita, na kwa kanzu tisa za tetroni nimeshapatana na fundi azifumue makwapa na kuzitia vikwapa msimu ukiisha.